Kaseti ya Contra ya Utotoni Haina Mamilioni: Bei za Gemu za Zamani za Risasi Zinatoka Wapi?

Julai 2021, kampuni ya mnada ya Heritage Auctions ya Dallas, Marekani, iliuza nakala moja ya Super Mario 64 kwa dola milioni 1.56. Kwa viwango vya mwaka ule hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 3 za Tanzania. Siku mbili kabla yake, katika mnada huohuo, nakala ya The Legend of Zelda ilikuwa imekwenda kwa dola 870,000. Agosti ikaja habari nyingine: Super Mario Bros., dola milioni 2.

Tangu hapo habari hizi hazijatulia. Kila zinapozunguka upya kwenye makundi ya WhatsApp, kuna mtu anafungua kabati la wazazi wake, anatoa kaseti ya gemu iliyojaa vumbi, anaipiga picha na kuuliza: "Wakuu, hii ya Contra naweza kupata ngapi?" Majibu huwa mawili. Mmoja atamwambia aitupe, mwingine atamwambia asiiachie chini ya milioni kumi. Wote wawili wanabahatisha, kwa sababu wanachanganya masoko mawili yasiyofanana.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kaseti, kwa maana ya hapa, ni lile ganda la plastiki unalolichomeka kwenye mashine. Ndani yake kuna bodi ndogo, na juu ya bodi kuna chipu ambayo gemu imewekwa humo tangu kiwandani, haifutiki wala haiandikwi upya. Gemu za risasi, au shuta kama wachezaji wengi wanavyoziita, ni ukoo mpana. Kuna zile za kukimbia na kufyatua kama Contra. Kuna zile unazoona dunia kwa macho ya mpiga risasi mwenyewe. Halafu kuna zile za chombo kimoja dhidi ya jeshi zima: skrini inasogea yenyewe, risasi zinamiminika kama mvua, na ukiguswa mara moja umepoteza laifu. Wakusanyaji wa vitu vya zamani wanapotaja shuta ghali, mara nyingi wana maana hii ya mwisho.

Neno la tatu ni bei. Bei anayoiomba muuzaji ni kitu kimoja, na bei ambayo mtu amelipa kweli ni kitu kingine. Nusu ya mkanganyiko wote huu ungeisha kama watu wangeacha kuisoma ya kwanza kama ya pili.

Sasa tuiangalie dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba kitu kikishakuwa cha zamani kinapanda thamani. GoldenEye 007 ilitoka mwaka 1997 kwa ajili ya Nintendo 64. Ni gemu ya risasi yenye jina kubwa, na waliokuwa vijana wakati ule bado wanaibishania. Lakini ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 8. Anayeitaka leo anaipata kesho, na kama muuzaji huyu anaringa, kuna wengine mia wanamsubiri. Ndiyo maana kaseti yake tupu haijawahi kuwa ghali, na miaka ishirini mingine haitaifanya adimu.

Iweke pembeni ya M.U.S.H.A. Gemu hii ilitengenezwa na Compile, kampuni ya Hiroshima ambayo baadaye ilipata umaarufu mkubwa zaidi kwa Puyo Puyo. Ilitoka Japani Desemba 1990 kwa jina la Musha Aleste, kwa mashine ya Sega ambayo Wajapani na Waingereza waliiita Mega Drive na Wamarekani wakaiita Genesis. Marekani ilitolewa na Seismic, kampuni ndogo ambayo leo inakumbukwa na wakusanyaji kuliko mtu mwingine yeyote. Ulaya haikuuzwa kabisa. Ndani yake unaendesha roboti wa kivita katika ulimwengu uliochanganya mambo ya samurai na mitambo: adui anakuja amevaa kinyago cha maigizo ya kale ya Kijapani, gitaa za muziki wa metal zinaunguruma, na kuna hatua ambayo sakafu inabomoka kipande kwa kipande chini yako huku vita vinaendelea. Kwa mashine ya wakati ule ni kazi ya kuvua kofia. Leo kaseti yake ya Marekani, hata tupu bila boksi, inauzwa kwa mamia ya dola.

Kwa nini hii, na si GoldenEye? Jibu liko kwenye namna kaseti zilivyokuwa zinatengenezwa. Gemu iliingizwa ndani ya chipu wakati chipu yenyewe inatengenezwa. Hakukuwa na kutengeneza nakala kumi leo, ukaona mwitikio, ukaongeza mia wiki ijayo. Kampuni iliagiza maelfu kwa mkupuo, ikalipia mapema, ikasubiri kwa miezi, kisha ikaomba Mungu zinunuliwe. Ukiagiza nyingi mno, unabaki na ghala lililojaa plastiki. Ukiagiza chache zikaisha, itabidi ulipe upya na kusubiri upya, na hapo huenda wateja wameshahamia kwingine. Kampuni kubwa iliweza kubeba hatari hiyo. Ndogo kama Seismic iliagiza kwa woga.

Na shuta za chombo kimoja zilikuwa mahali pabaya kwa biashara ya namna hiyo. Rafu za Sega mwaka 1990 zilikuwa zimejaa gemu za aina hiyo. Mzazi aliyesimama dukani aliona ndege na milipuko kwenye kila boksi na hakuwa na namna ya kujua ipi ni ipi. Zaidi ya hapo, gemu zenyewe ni fupi. Fundi anaimaliza kwa muda usiotimia saa mbili, mgeni hafiki popote, na wote wawili wanaweza kuhisi wamepunjwa. Mwaka uliofuata akaja Sonic, halafu zikaja gemu za kupigana, na pesa ya mtoto ikafuata huko. Shuta nyingi nzuri zikachapwa mara moja, zikauzwa kidogo, basi.

Lakini uchache peke yake hauuzi. Zipo gemu mbovu kibao zilizotoka kwa idadi ndogo na hakuna anayezitafuta. Bei inapanda pale uchache unapokutana na hamu, na shuta zina mashabiki wa ajabu kidogo: wachache, lakini wana msimamo, wana kipato, na wanataka kitu chenyewe, kaseti yenyewe kwenye mashine yenyewe. Watu elfu chache wanaogombea kaseti mia chache wanatosha kupandisha bei, hata kama mamilioni ya wengine hawajawahi kuisikia.

Mfano mkali zaidi ni Recca. Jina lake kamili ni Summer Carnival '92: Recca, na ilitolewa na Naxat Soft Julai 1992 ikiambatana na mashindano ya kutafuta alama nyingi. Aliyeiprogramu ni Shinobu Yagawa, ambaye baadaye aliandika Battle Garegga, gemu ambayo mashabiki wa shuta wanaiheshimu hadi leo. Recca inakwenda kwa kasi ambayo hungeamini Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo kule Japani, inaimudu. Tatizo lilikuwa tarehe. Mrithi wake, Super Famicom, alikuwa sokoni tangu Novemba 1990, na mwaka 1992 kumnunulia mtoto kaseti mpya ya Famicom ilikuwa kama kumrudisha darasa. Wachache waliinunua. Wengi waliokuja kuihitaji walichelewa kwa miaka kumi, na sasa wanalipa.

Kufikia hapa tunajua kwa nini gemu moja inashinda nyingine. Swali linalofuata ni kwa nini kaseti mbili za gemu ileile, za mwaka uleule, zinapishana bei mara kumi na zaidi.

Anayejua kanga hahitaji maelezo marefu. Kipande kimoja kilichovaliwa mpaka kikapauka ni cha jikoni. Doti iliyokatwa na kupindwa, vipande vyote viwili vipo na bado vina rangi, ina heshima yake. Lakini doti ya zamani ambayo haijakatwa, imekunjwa kama ilivyotoka kiwandani na karatasi ya muuzaji bado imebandikwa, hiyo inazungumziwa kwa sauti nyingine, hata kama jina lililoandikwa chini ni lilelile. Wakusanyaji wa gemu nao wana ngazi tatu hizo. Ya kwanza ni kaseti tupu. Ya pili ni kamili: boksi, kijitabu cha maelekezo na kaseti. Ya tatu haijafunguliwa, na nailoni ya kiwandani bado imeibana.

Hapa kuna jambo dogo ambalo watu hawaliangalii. Mwaka 1990 Sega ilikuwa inauza gemu zake kwenye kasha la plastiki gumu, linalofunguka kama kitabu. Nintendo ilitumia boksi la karatasi. Mtoto analirarua boksi la karatasi siku ya kwanza, au mama analitupa pamoja na takataka za Krismasi. Kasha la plastiki linabaki, kwa sababu linafaa kuhifadhia. Matokeo yake ni kwamba kwa Sega nakala kamili si ajabu sana, wakati kwa Nintendo boksi tupu, bila kaseti ndani, linaweza kuuzwa ghali kuliko kaseti yenyewe. Ukimweleza bibi yako hilo atadhani unamtania.

Tukishazielewa ngazi hizo, tunaweza kurudi kwenye zile dola milioni. Super Mario 64 ni gemu iliyouzwa nakala zaidi ya milioni 11. Adimu? Hata kidogo. Nakala ya mnadani ilikuwa haijafunguliwa, na kampuni ya Wata ilikuwa imeipima hali yake, ikaipa alama 9.8 kati ya 10, nailoni ikapewa A++, kisha ikafungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki angavu. Aliyeinunua hawezi kuicheza bila kuua thamani yake. Kilicholipiwa ni nailoni, kona za boksi na ile namba. Hilo ni soko la pili, na linaendeshwa na watu wa aina nyingine. Wengi wao walitokea kwenye sarafu na kadi za wanamichezo, na walikuja na pesa nyingi wakati watu wamefungiwa ndani na korona.

Soko hilo lilitiliwa shaka mapema. Agosti 2021 mwanayutubu Karl Jobst alitoa video ndefu akidai kwamba bei zilikuwa zinasukumwa juu kwa makusudi na watu wenye maslahi ya pamoja katika upimaji na mnada. Kampuni zilizotajwa zilikanusha. Mwaka 2022 wateja kadhaa waliifungulia Wata kesi huko California wakiwa na malalamiko ya namna hiyohiyo. Madai si hukumu, na sitajifanya hakimu. Ila nitasema hivi: ukiona bei ya kitu kisicho adimu inapanda kutoka dola 660,000 mwezi Aprili hadi dola milioni 2 mwezi Agosti, kama ilivyokuwa kwa nakala zilizofungwa za Super Mario Bros. mwaka huo, usiitumie kupimia kaseti ya nyumbani kwako. Joto lile lilipoa baadaye. Shuta kama M.U.S.H.A., zinazonunuliwa na watu wanaozicheza, ziko kwenye soko lingine, la mamia ya dola, lisiloandikwa magazetini.

Dhana nyingine inasikika kila kampuni inapoitoa upya gemu ya zamani: "Sasa kaseti zitashuka bei, kila mtu anayo." Kwa mantiki ya mchezaji ni kweli. M.U.S.H.A. iliwahi kuuzwa kwenye duka la mtandaoni la Wii, mashine nyingine ya Nintendo, na tangu Oktoba 2021 imo kwenye huduma ya kulipia ya Nintendo Switch, pamoja na lundo la gemu nyingine za Sega. Hakuna haja ya dola mamia ili kuicheza. Kaseti haikuyumba. Anayetaka kucheza tu hakuwa mnunuzi wa kaseti tangu mwanzo, kwa hiyo kumpa njia nyepesi hakumwondoi mtu sokoni. Kinyume chake, baadhi ya wanaoionja kwenye simu au Switch ndio wanaokuja kuitafuta yenyewe. Na maduka hayo hayadumu. Duka la Wii lilifungwa Januari 2019. Recca ilirudishwa kwenye Nintendo 3DS, na duka la 3DS nalo likaacha kuuza Machi 2023. Kaseti ya 1992 imewashuhudia wote wakija na kuondoka.

Sasa Contra yetu, ile ya kabatini.

Contra halisi ya kampuni ya Konami kwa mashine ya NES, yaani Famicom kwa sura ya Marekani na Ulaya, ilitoka Marekani mwaka 1988. Ni maarufu sana, ina ile siri ya vitufe inayokupa laifu 30, na kwa sababu ya umaarufu huo kaseti yake tupu bado inapata makumi ya dola ingawa zipo nyingi. Wazungu wa Ulaya hata hawakuipata kwa sura hiyo: kwao wale makomando waligeuzwa roboti na gemu ikaitwa Probotector. Lakini sisi wengi wa Dar, Mombasa au Nairobi hatukucheza NES ya Nintendo. Tulicheza mashine za kuiga zilizotoka Asia, zenye kaseti za rangi zilizoandikwa idadi ya gemu ambayo hata aliyezitengeneza hakuiamini. Inaandikwa gemu 999, ukihesabu vizuri ni chache, nyingine ni zilezile zimeanzishwa kutoka hatua tofauti au kwa laifu tofauti.

Kuzitambua hakuhitaji fundi. Igeuze kaseti uangalie zile shaba zinazoingia kwenye mashine. NES ya Marekani na Ulaya ina 72, yaani 36 kila upande. Famicom ya Japani na karibu mashine zote za kuiga zina 60, yaani 30 kila upande. Ukihesabu 30, basi ni Famicom halisi au ni ya kuiga. Ifungue. Ya kuiga mara nyingi ndani ina bodi ndogo sana kuliko ganda, na katikati ya bodi kuna tone la gundi nyeusi iliyokauka, mviringo kama ganda la kobe. Chipu yenyewe imefunikwa humo. Kaseti halisi ina chipu za mstatili zenye miguu, na namba zake zimechapwa juu. Ukishaliona tone jeusi, hesabu ya mamilioni imeishia hapo. Wapo wakusanyaji wa hizi za kuiga pia, hasa zile zenye picha za ajabu kwenye lebo, lakini wanalipa bei ya kujifurahisha.

Tahadhari hiyohiyo inamhusu anayetaka kununua. Kadiri kaseti inavyokuwa ghali ndivyo feki zake zinavyozidi, na M.U.S.H.A. imo kwenye orodha ya zinazoghushiwa sana. Feki za siku hizi zina lebo nzuri na plastiki nzuri. Zinacheza vizuri pia, kwa hiyo kuiwasha na kuona inafanya kazi si ushahidi wa chochote. Muuzaji akubali kuifungua kwa bisibisi yake maalumu na kukutumia picha ya bodi. Kwa kaseti za Sega zilizotengenezwa kiwandani mwake, kwa kawaida utaona jina SEGA na mwaka vimechapwa kwenye bodi, na chipu iliyokaa pale tangu mwanzo. Ukiona bodi mpya inayong'aa, risasi ya kulehemu bado nyeupe, au chipu yenye kidirisha kilichozibwa kwa stika, ondoka. Na kama mtu anakuuzia M.U.S.H.A. ya toleo la Ulaya, yenye boksi la Ulaya, hapo huhitaji hata bisibisi.

Kwa bahati nzuri shuta hazina ugonjwa mmoja unaozisumbua gemu ndefu za safari na hadithi. Gemu ndefu zilihifadhi ulipoishia kwa betri ndogo ya saa iliyolehemewa kwenye bodi, na betri hizo zinakufa, nyingine zinavuja na kuila shaba. Shuta ya chombo kimoja unaianza na kuimaliza kwa mkao mmoja, kwa hiyo haikuhitaji betri. Adui wake ni unyevu wa pwani na kutu. Ile tabia ya kupuliza kaseti kwa mdomo, ambayo sote tuliamini ni dawa, inapeleka mate kwenye shaba. Pamba yenye spirti kidogo inatosha. Lebo usiiguse, hata kama imechafuka. Lebo iliyosuguliwa inapunguza bei kuliko lebo chafu.

Ukishaona ni halisi, usiulize bei kwenye kundi la WhatsApp. Nenda eBay uchague kuonyeshwa vilivyokwisha kuuzwa, au PriceCharting inayokusanya bei za mauzo kama hayo, na linganisha ngazi kwa ngazi: tupu na tupu, kamili na kamili, toleo la Japani na la Japani. Kisha toa ada ya mtandao, na utoe gharama ya kukituma kifurushi kwa njia inayofuatiliwa kutoka Dar es Salaam au Mombasa hadi Marekani au Japani. Kwa kaseti ya dola 300 inalipa. Kwa ya dola 20 kinachobaki hakifidii usumbufu, na mtu wa mjini kwako anayekupa nusu ya bei mkononi anakufaa zaidi.